Ushauri wa Wageni Nao Ubandikwe Mlangoni

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa nimesimama nje ya darasa moja la shule ya msingi mtaani Manyatta, hapa Kisumu. Msimamizi wa kituo, kijana aliyekuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, alitoka na karatasi mkononi na vipande vya selotepu vikining'inia kwenye vidole. Akaibandika mlangoni, pembe zote nne. Mawakala wa vyama walikuwa wameshatia sahihi. Tulikuwa watu kama kumi na watano pale nje, na karibu kila mmoja akainua simu. Mlango ukawa mweupe kwa taa. Mzee mmoja asiyekuwa na simu ya kupiga picha alisogea, akavaa miwani, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti, kisha akaziandika kwa kalamu kwenye kiganja. Hakuna aliyebisha. Tukaenda kulala.

Karatasi ile ni Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo kimoja. Mwaka huo nchi ilikuwa na vituo 46,229, na fomu zilizotoka vituoni ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, mwenye intaneti ajionee na ajijumlishie. Miaka 15 kabla ya hapo mji huu huu uliwaka kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha hesabu ilipitia wapi kati ya kituo na Nairobi. Nani basi aliyeileta karatasi ile mlangoni? Nauliza kwa sababu kadiri 10 Agosti 2027 inavyosogea, mabishano ya zamani yamerudi: kuna wanaosema wataalamu wa kigeni wanaotushauri juu ya sheria za uchaguzi wanakuja kutuchagulia viongozi, na kuna wanaoamini kwamba bila wao hatuwezi kuandika hata kifungu kimoja cha haki.

Nimefundisha elimu ya uraia kwa miaka mingi katika vijiji vya Kisumu na Vihiga, na kambi zote mbili nimezisikia kwa masikio yangu. Jibu langu limetokana na yale niliyoyaona. Wageni walitufaa sana pale walipoitwa kujibu swali letu na jibu lao likawekwa mbele ya kila mtu. Walitufaa kidogo pale ushauri wao ulipoishia kwenye faili la ofisi fulani, tusijue walisema nini wala nani alikataa kuwasikiliza.

Turudi 2008. Hapa Kisumu maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameungua. Nakuru, mwishoni mwa Januari, majirani waliozaliwa mtaa mmoja walikuwa wakiwindana kwa mapanga, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini kote. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa zamani wa Umoja wa Mataifa, akaja kupatanisha, mkataba wa maridhiano ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari, na moja ya matunda yake ikawa tume ya kuchunguza uchaguzi wa 2007. Mwenyekiti wake alikuwa Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini aliyesimamia uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote nchini kwao mwaka 1994. Katibu wake, Jørgen Elklit, alitoka Denmark. Wengi wa makamishna walikuwa Wakenya.

Ripoti ilitoka Septemba 2008, na hapa kwetu iliwauma wengi. Kriegler hakusema nani alishinda. Alisema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba yeye wala mtu mwingine yeyote hawezi kujua matokeo ya kweli. Nakumbuka hasira iliyokuwapo mtaani Kondele wiki ile. Lakini ripoti ilikuwa wazi. Tuliisoma, tukaikosoa, na ndani yake tukakuta mambo ambayo hata mwenye hasira hakuweza kuyakana: kwamba sajili ya wapiga kura ilikuwa na majina ya marehemu wapatao milioni 1.2, na kwamba kujumlisha kura kulikuwa ovyo toka kituoni hadi Nairobi. Tume ya uchaguzi ya Samuel Kivuitu ikavunjwa. Ikaja tume ya mpito mwaka 2009, na miongoni mwa chaguzi ndogo zake za kwanza ni ule wa Shinyalu, Kakamega, Agosti mwaka huo. Mwaka uliofuata, kwenye kura ya maoni juu ya Katiba mpya, matokeo ya awali yalitumwa kwa simu kutoka vituoni na nchi ikalala salama.

Katiba yenyewe iliandikwa na Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, na watatu kati ya wanachama wake tisa walikuwa wageni: Christina Murray wa Afrika Kusini, Chaloka Beyani mzaliwa wa Zambia, na Frederick Ssempebwa wa Uganda. Rasimu yao ya Novemba 2009 ilichapishwa nchi nzima. Sisi tuliibeba vijijini tukiwa tumeikunja kama gazeti. Januari 2010 wabunge wakajifungia hotelini Naivasha, kaunti ya Nakuru ya leo, wakatoka na mfumo wa serikali uliokuwa tofauti: waziri mkuu aliyekuwa kwenye rasimu ameondolewa, rais amebaki na mamlaka ya utendaji. Unaweza kuyapenda mabadiliko yale au kuyachukia. Ila kila mwananchi alijua nini kimetolewa Naivasha, na nani amekitoa, kwa sababu rasimu ya kwanza alikuwa nayo mkononi. Mgeni alisema lake, mwanasiasa akafanya lake, na sisi tukawaona wote wawili. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga kura tukijua tunachokipigia.

Ndani ya Katiba hiyo, ibara ya 86 inadai kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe mara moja na msimamizi wa kituo, palepale kituoni. Karatasi ya Manyatta ilianzia hapo.

Baada ya 2010 msaada wa nje ulibadilika sura. Mashine zikaanza kuchukua nafasi ya sheria. Kuelekea uchaguzi wa 2013 zabuni ya vifaa vya kuwasajili wapiga kura kwa alama za vidole ilivurugika, serikali ikapitia mkopo uliodhaminiwa na Canada, vifaa vikachelewa, na wapiga kura wakaandikishwa kwa siku 30 tu, kuanzia 19 Novemba hadi 18 Desemba 2012. Siku ya kura, 4 Machi, vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima katika vituo vingi, na mfumo wa kupeperusha matokeo ukaanguka. Wasimamizi wa maeneo bunge wakapakia karatasi kwenye magari na ndege hadi Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura za nchi nzima. Hakuna mshauri wa kigeni aliyevunja sheria hapo. Tatizo ni kwamba sheria haikuwa imesema kwa lugha inayoeleweka ni nini kifanyike mashine ikizima.

Halafu kuna suala la wakati. Sheria ya Uchaguzi na ile ya Tume zote ni za 2011. Mwaka 2016 watu walianza kuandamana kila Jumatatu wakitaka makamishna waondoke. Hapa Nyanza baadhi yao walipigwa risasi wakafa. Ndipo Bunge likaunda kamati ya pamoja ya serikali na upinzani chini ya maseneta Kiraitu Murungi na James Orengo. Mapatano yale yalizaa marekebisho ya maana: matokeo yapeperushwe kwa njia ya kielektroniki kutoka kituoni, na fomu ziwekwe hadharani mtandaoni. Lakini Tume mpya ya Wafula Chebukati iliapishwa Januari 2017, na uchaguzi ulikuwa Agosti. Miezi saba! Mtaalamu awe bingwa wa dunia nzima, katika miezi saba atakusaidia nini zaidi ya kununua vifaa na kuchapisha miongozo?

Hekima ya jambo hili ipo tayari, na nyingine imetoka barani kwetu. Itifaki ya mwaka 2001 ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, inakataza mabadiliko makubwa ya sheria za uchaguzi katika miezi sita ya mwisho bila ridhaa ya wadau wengi wa siasa. Tume ya Venice ya Baraza la Ulaya inashauri mwaka mzima. Sisi, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, tulileta mswada wa kubadilisha sheria ikiwa imebaki chini ya mwezi mmoja kabla ya marudio ya 26 Oktoba. Ulitaka, pamoja na mengine, matokeo ya karatasi yashinde ya kielektroniki yakitofautiana. Mabalozi wa nchi za Magharibi walionya, Bunge likapitisha, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vikuu. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, siku ya marudio kura hazikupigwa kabisa kwenye maeneo bunge 25. Miezi miwili kabla ya hapo, mtaani Nyalenda hapa Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alikuwa amepigwa rungu ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa. Nikisema sheria ya uchaguzi ni uhai, simaanishi kitu kingine.

Mwaka huo wa 2017 ndio uliowashushia wageni heshima hapa kwetu. Waangalizi wakubwa, miongoni mwao John Kerry, Waziri wa zamani wa Mambo ya Nje wa Marekani, waliusifu upigaji kura wa Agosti na kuwashauri walioshindwa waende mahakamani. Wakaenda, na majaji wanne dhidi ya wawili wakasema matokeo hayakupeperushwa kama sheria ilivyoagiza. Tangu siku hiyo nikitaja neno «mtaalamu» katika darasa langu, kuna mtu ataguna. Naelewa kwa nini. Ila mwangalizi na mshauri wa sheria ni watu wawili. Mwangalizi hutazama foleni na masanduku kwa siku chache. Mshauri wa sheria huketi na rasimu kwa miezi, anailinganisha na Katiba na mikataba tuliyoridhia, anaonyesha pengo lilipo. Hasira tuliyo nayo kwa yule wa kwanza tusimmwagie huyu wa pili.

Na sisi pia tumewahi kuwa wageni wa wenzetu. Profesa Yash Pal Ghai, Mkenya aliyeongoza tume yetu ya marekebisho ya Katiba, aliitwa Fiji mwaka 2012 kuongoza tume kama hiyo. Christina Murray alikuwa naye. Walikusanya maoni ya wananchi kwa maelfu, wakaandika rasimu. Desemba polisi wakazinyakua nakala zilizochapishwa, na kurasa nyingine zikachomwa moto mbele ya profesa mwenyewe. Serikali ya kijeshi ikaandika katiba yake. Huyo alikuwa mwenzetu, mwenye elimu ya kutosha na nia njema, na bado rasimu yake haikuwa na ulinzi wowote baada ya kuwafikia wenye nguvu. Ulinzi pekee wa ushauri ni wananchi wengi waliokwisha kuusoma.

Hapo ndipo nakumbuka kikao kimoja cha kukusanya maoni ya umma, kilichofanyika katika ukumbi wa hapa Kisumu. Sitataja kamati iliyokiitisha. Tulikuta mezani mswada wa kurasa nyingi, wote kwa Kiingereza. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi, lakini hakukuwa na hata ukurasa mmoja wa muhtasari. Mbele alikaa mshauri mmoja kutoka Ulaya, mtu mzima mpole, anaandika kila kinachosemwa. Nikaombwa nitafsiri.

Mama mmoja anayeuza samaki soko la Kibuye aliinuka. Alikuwa amefunga kibanda ili aje, na hilo alilisema kwanza. Kisha akamwelekea mgeni moja kwa moja.

«Mwanangu, nakuuliza jambo moja. Ile karatasi ya mlangoni, kwenye hii sheria mpya inabaki ama inaondoka?»

Nikatafsiri. Mgeni aliweka kalamu chini. Akasema, «Mama, mimi nimeshauri ibaki, na iongezewe nguvu.»

«Umeshauri wapi?»

«Kwenye ripoti niliyowaandikia.»

«Nipe niisome. Mwanangu wa chuo atanisomea.»

Mgeni alinyamaza kidogo, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba ripoti ni mali ya waliomwagiza, hana ruhusa ya kuitoa. Mama akabaki amesimama. Aliniangalia mimi kana kwamba nimetafsiri vibaya. Nikarudia. Akaketi, akafungua leso, akahesabu nauli ya kurudi sokoni. Hakuuliza tena.

Sijawahi kuisahau sura yake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja, dawa ameileta, na mwenyeji anaambiwa chupa haifunguliwi mbele yake. Mbunge akikikata kile kifungu kesho, mama hatajua kilikuwapo. Uchaguzi ukiharibika, mwanasiasa yuleyule atasimama jukwaani aseme ni mabeberu waliotuletea sheria mbovu, na mshauri aliyeandika kinyume chake atakuwa ameshapanda ndege. Desemba 2016, katika sherehe za Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta alizikemea nchi za nje kwa fedha walizotoa kwa ajili ya elimu ya uraia na uchaguzi. Makofi yalikuwa mengi. Siri huzaa shaka, hata pale ambapo hakuna ubaya uliofichwa.

Kuna watakaonijibu kwamba ripoti nyingi ziko wazi na bado hazifuatwi. Ni kweli. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya huchapisha mapendekezo yao, na moja waliloling'ang'ania ni kudhibiti fedha za kampeni. Sheria ya jambo hilo tunayo tangu 2013. Kanuni za kuitekeleza Bunge halikuziidhinisha, na tukapiga kura 2017 na tena 2022 bila kikomo cha matumizi. Lakini tazama tofauti: katika hili najua wa kumlaumu. Nikiwa Luanda ya Vihiga au Ahero naweza kumwambia mpiga kura ni Bunge lililokataa, naye anaweza kumuuliza mbunge wake. Pale ripoti inapofichwa sina hata hilo la kumwambia.

Lugha nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Marekebisho ya mwanzoni mwa 2017 yaliingiza kifungu cha 44A, kuhusu utaratibu wa ziada wa kutambua wapiga kura na kupeperusha matokeo pale teknolojia inaposhindwa. Wabunge walikaribia kupigana juu yake. Nilipokwenda kukieleza Mbale, Vihiga, nilijaribu Kiswahili cha kila namna, na kila mara niliulizwa: «Mwalimu, utaratibu huo ni upi? Ni daftari? Ni simu ya afisa?» Sikuwa na jibu kwa sababu kifungu chenyewe hakikuwa nalo. Kutafsiri mswada kwa Kiswahili mapema kungewaonyesha waandishi, wa nje na wa ndani, kwamba hapo sheria imeacha tundu. Kifungu kisichotafsirika mara nyingi ni kifungu kisichoeleweka hata na aliyekiandika.

Nikirudi kwenye karatasi ya mlangoni, naona mikono mingi. Kriegler alionyesha kidonda. Kamati yenye wageni watatu na Wakenya sita iliandika ibara ya 86. Waandamanaji wa 2016 walilazimisha meza ya mazungumzo. Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur, Wakenya watatu, walikwenda mahakamani, na Juni 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Majaji wa Mahakama ya Juu chini ya David Maraga wakaonyesha kwamba sheria iliyovunjwa ina gharama. Ukimwondoa mmoja katika mnyororo huo, mzee wa Manyatta hana cha kuandika kiganjani.

Safari hii angalau wakati tunao zaidi. Baada ya miaka miwili na nusu bila makamishna, Tume ya Erastus Ethekon iliapishwa tarehe 11 Julai 2025, miezi 25 kabla ya uchaguzi. Sheria ya kuiunda upya ilitokana na kamati ya maridhiano ya upinzani na serikali, chini ya Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah. Fedha za nje, kwa upande mwingine, zimepungua: Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka huo huo wa 2025, na taasisi nyingi zilizolitegemea zikabaki mikono mitupu. Msaada utakaokuja utakuwa mdogo, na kwa hiyo kila shilingi na kila ukurasa wake una thamani. Umoja wa Mataifa, kwa utaratibu wake wa tangu 1991, hautoi msaada wa uchaguzi mpaka nchi iombe. Maana yake kuna barua. Kuna mtu wetu aliyekaa akaandika tunahitaji nini. Mimi nataka kuisoma barua hiyo.

Katiba, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria ya kuitekeleza. Nimeandika maombi kwa Tume na kwa karani wa Bunge, kwa Kiswahili. Nimeomba orodha ya washauri wote wa nje waliotoa maoni juu ya sheria za uchaguzi tangu Julai 2025, ripoti zao kamili, na jedwali linaloonyesha ni pendekezo gani limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Nimeomba muhtasari wa Kiswahili ubandikwe katika kila ofisi ya Tume ya eneo bunge, nje, ukutani, mahali mtu anaposimama bila kuomba ruhusa ya mlinzi.

Sheria inawapa siku 21 kujibu. Kibanda cha yule mama nakijua, ni cha tatu kutoka lango la chini, na nimemwambia nitampelekea jibu lolote nitakalopewa.